Green Day: wimbo mmoja, rekodi mbili

Wadau, leo nawapa zoezi dogo. Tafuteni wimbo "Welcome to Paradise" katika Kerplunk, albamu ya pili ya Green Day, kisha usikilizeni tena katika Dookie ya 1994. Wimbo ni uleule, na vijana ni walewale watatu: Billie Joe Armstrong akiimba na kupiga gitaa, Mike Dirnt kwenye besi, Tré Cool kwenye dramu. Lakini ule wa kwanza utadhani wamejifungia chumbani, na ule wa pili gitaa limenenepa na dramu zinagonga kifuani.

Kati ya rekodi hizo mbili kuna mlango uliofungwa. Upo Berkeley, California, mtaa wa Gilman namba 924. Ni ukumbi wa panki unaoendeshwa na watu wa kujitolea, na zamani ulikuwa na mwiko: bendi iliyosaini na kampuni kubwa haipandi jukwaani. Green Day walipoiacha Lookout, kampuni ndogo ya huko huko kwao, wakaenda Reprise, basi, Gilman kwao ikawa marufuku. Dookie, chini ya prodyuza Rob Cavallo, ikauza zaidi ya nakala milioni 10 Marekani peke yake. Huku nyuma wanaitwa wasaliti. Insomniac (1995) mimi naisikia kama jibu: nzito, ya hasira, na ndani yake umo wimbo "86" unaohusu kukataliwa palepale Gilman.

Nimrod ya 1997 ikaingiza hadi vinanda vya nyuzi. Warning (2000) ikaegemea magitaa makavu na mauzo yakashuka. Mimi naipenda, ingawa nikiiweka chumba cha habari wenzangu wanatafuta vipokea sauti vyao.

Mwaka 2003 walikuwa na albamu karibu tayari, Cigarettes and Valentines, kanda zake zikaibwa studio. Cavallo akawauliza: ile kweli ndiyo ilikuwa kazi yenu bora kabisa? Hawakuirekodi upya. Walianza moja, ikazaliwa American Idiot (2004), hadithi moja tangu mwanzo hadi mwisho, Marekani ikiwa vitani Iraq. "Jesus of Suburbia" una vipande vitano na unapita dakika 9, kwa bendi iliyozoea kumaliza mambo ndani ya tatu! Mwaka 2005 ikachukua Grammy ya albamu bora ya rock.

Baada ya hapo sina mengi. 21st Century Breakdown (2009) ilipita njia ileile kwa uzito zaidi. Mwaka 2012 walitoa albamu tatu ndani ya miezi minne, nyimbo ambazo kwangu zingetosha moja nzuri. Saviors ya 2024 ilimrudisha Cavallo, na inasikika.

Ila kuna hili ambalo waliowaita wasaliti hawalitaji sana. Mwaka 2005 Green Day walizichukua rekodi zao za mwanzo kutoka Lookout, kwa sababu kampuni ile ndogo, ya kishkaji, haikuwa inawalipa mrabaha wao. Lookout ikafunga kabisa 2012. Mei 2015 Gilman wakawafungulia mlango, wakapiga onyesho la kuchangia walioathirika na moto. Wakati huo bado walikuwa na Reprise.