Makorokoro ya nyumba za mpakani yana historia yake

Neno makorokoro halina umoja. Ukilitafuta kamusini utalikuta limesimama katika wingi, kama maji na mafuta, likielezwa kuwa ni vitu vidogo vidogo vya nyumbani visivyo na thamani kubwa. Pacha wake, makorokocho, vilevile. Atakayejaribu kuliundia umoja atapata korokoro, na korokoro ni jambo jingine kabisa: ni mahabusu, pahali pa kufungia watu. Maneno haya yamekaribiana kwa sauti tu. Hata hivyo, mtu aliyelelewa Busia, kama mimi, hawezi kulicheka sana jambo hilo, kwa kuwa kwetu makorokoro ya nyumbani yamewahi kumfikisha mtu korokoroni zaidi ya mara moja.

Nayawazia haya kila Desemba, vijana wanaporudi nyumbani kutoka Nairobi na Kampala. Wanaingia katika nyumba za wazee na kukuta mitungi, mikebe, masanduku ya bati, magunia yaliyokunjwa, sufuria zilizotoboka, baiskeli isiyo na magurudumu. Wanauliza, "Sasa hizi zote ni za nini?" Jibu ni lile lile kutoka Malaba hadi Funyula: "Wacha hapo, itasaidia." Wengine wamemtazama Marie Kondo, yule Mjapani aliyepata umaarufu duniani kwa kufundisha watu kupunguza vitu nyumbani, na ambaye kipindi chake kilianza kuonyeshwa na Netflix mwaka 2019. Yeye hushauri mtu abaki na kile tu kinachoutia moyo wake furaha. Ni ushauri mzuri kwa nyumba finyu ya Tokyo. Lakini ushauri huo huchukulia kwamba ulichokitupa leo utakipata dukani kesho ukikihitaji. Mpakani, kwa muda mrefu, hapakuwa na hakika hiyo.

Mpaka wenyewe ni mchanga. Hadi mwaka 1902 nchi yote ya huku, mpaka karibu na Naivasha, ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Waingereza walipoihamishia upande uliokuja kuitwa Kenya, mito ya Sio na Malaba ikageuka kuwa alama za dola. Wasamia wakajikuta pande mbili, Wateso pia. Ukitaka kuuona mgawanyiko huo ndani ya familia moja, watazame akina Awori: Moody Awori aliiwakilisha Funyula bungeni na akawa Makamu wa Rais wa Kenya, ilhali nduguye, Aggrey Awori, alikuwa mbunge nchini Uganda na akagombea urais wa huko mwaka 2001. Familia iliyo pande mbili za forodha huweka vitu pande zote mbili. Pana blanketi la mgeni wa ng'ambo na jembe la ziada, na kwa Wateso pana ile mirija mirefu ya kunywea ajono, ambayo haitupwi kwa sababu mwenyewe yuko Tororo na atakuja.

Mtungi ndio unaoniliza zaidi, kwa maana nzuri. Kamusi na ushairi wa pwani vinaujua mtungi kama chombo cha udongo cha kuwekea maji. Mwambie mtoto wa Malaba akuletee mtungi. Atakuja na kile chombo cha plastiki cha manjano cha lita 20, kilichofika dukani kikiwa na mafuta ya kupikia. Watanzania hukiita dumu. Umbo lake ni la kijeshi: Wajerumani walikibuni kwa chuma katika miaka ya 1930, Waingereza wakakiteka na kukinakili katika Vita vya Pili vya Dunia, na hata jina jerikeni limebeba Jerry, lakabu waliyowapa Wajerumani. Huku kwetu mtungi umebeba maji, pombe, mafuta taa na, bei zikipishana kati ya nchi hizi mbili, petroli ya magendo. Nyumba yenye mitungi kumi na mmoja ilikuwa na ghala, na wakati mwingine ilikuwa na bomu chini ya kitanda. Nisije nikaonekana nayapamba makorokoro: petroli haijui historia, na nyumba za nyasi zimeungua.

Debe na gorogoro ni ndugu zake. Debe lilianza kama bati la mafuta taa likawa kipimo cha nafaka. Gorogoro ni mkebe wa mafuta ya kupikia ya kilo 2 uliogeuka kipimo cha sokoni, na kazi yake ni ile iliyofanywa pwani na kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja. Mkebe mwingine ulitobolewa kifuniko ukatiwa utambi ukawa koroboi. Mama wa nyumba aliyeutazama mkebe mtupu alikuwa anatazama taa, mizani au chombo cha chumvi, na hakuwa ameamua bado.

Kisha akaja Amin. Alitwaa madaraka Januari 1971, na Agosti 1972 akawapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Baadhi yao walipita Malaba ndani ya treni wakielekea Mombasa. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi, vilivyokuwa vya familia za Madhvani na Mehta, vilidorora, na muda si muda sukari, chumvi, sabuni na mafuta taa vikawa adimu upande wa pili wa mto. Hapo ndipo neno magendo lilipotawala midomo ya watu. Katika Kiganda kitenzi cha kwenda ni kugenda, na sikio la mtu wa mpakani huisikia safari ndani ya neno hilo. Wasomi walioandika kuhusu Uganda ya wakati huo walishindwa kulitafsiri wakaliacha lilivyo katika vitabu vyao vya Kiingereza. Waliotajirika ghafla waliitwa mafutamingi, kwa Kiswahili cha Uganda kisichosumbuliwa na upatanisho wetu wa "mafuta mengi".

Bidhaa zilikwenda, kahawa ikaja. Baridi kali ya Julai 1975 iliteketeza mibuni ya Brazil, bei duniani zikapaa mwaka 1976 na 1977, na mkulima wa Uganda aliyelipwa kidogo na bodi ya serikali yake akaona heri avushe gunia usiku. Soko la Chepkube, kaskazini mwa Malaba katika wilaya ya Bungoma ya wakati huo, likawa jina la zama nzima: hadi leo wazee husema "wakati wa Chepkube" kama wengine wasemavyo "wakati wa Uhuru". Wenye baiskeli walivusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya forodha wakiita "boda, boda", na mwito huo ukawa jina la kazi katika Afrika Mashariki nzima.

Nyanya yangu, tuliyemwita kukhu, alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda chake karibu na soko la Busia. Sanduku lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikaa kwenye fundo la leso. Alipofariki, baada ya matanga, wajukuu wa kiume walikusanya vitu vya nyumba ile nyuma ya jikoni wakavitia moto: magunia, mikeka, magazeti, makaratasi. Sanduku lilinusurika kwa sababu senge, dada ya baba, alilikalia. Namaanisha alilikalia kwa makalio, akasema, "Hii mtanichoma nayo."

Lilipofunguliwa halikuwa na dhahabu. Lilikuwa na vipande vitatu vya sabuni vilivyokauka hadi vikapasuka kama udongo wa kiangazi, na mfuko wa kitambaa wenye chumvi iliyoganda. Palikuwa na kamba iliyotungiwa senti zenye tundu katikati, zile za enzi ya shilingi moja ya Afrika Mashariki kabla ya kila nchi kutoa fedha zake mwaka 1966. Na palikuwa na bunda la noti za Uganda, limefungwa kwa uzi.

Noti hizo zina habari ndefu. Mei 1987 serikali ya Museveni ilibadilisha fedha: shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya, na katika kubadilisha ikakata asilimia 30. Mtu wa Kampala angeweza kupanga foleni benki. Mwanamke wa Busia ya Kenya aliyeuza sabuni kwa magendo angekwenda benki gani, na angesema fedha hizo amezipata wapi? Desemba ya mwaka huo huo polisi wa Kenya na wanajeshi wa Uganda walifyatuliana risasi pale pale Busia, na mpaka ukafungwa. Bunda lilirudi sandukuni. Lilikuwa mali mwezi Aprili. Kufikia mwisho wa mwaka lilikuwa makorokoro, na mwenyewe hakuwa ameligusa. Wenzetu wa Kenya nzima walionja jambo hilo mwaka 2019, noti ya zamani ya shilingi 1,000 ilipokoma kutumika tarehe 1 Oktoba. Benki Kuu ilieleza kuwa noti takriban milioni 7.4 hazikurudi. Nyingine bila shaka zingali ndani ya magodoro.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema makorokoro ni zao la uvivu. Wanaotumia kigezo cha usafi hudhani kwamba kitu huzeeka chenyewe. Mpakani kitu hugeuzwa na tangazo la serikali. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, kwa adhabu ya faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Waziri aliyetia saini, Judi Wakhungu, ni mpwa wa Moody Awori niliyemtaja, kwa hiyo wanawake wa Busia hawangeweza hata kulalamika kwamba hajui jikoni kwao kulivyo. Katika kila jikoni palikuwa na mfuko mmoja mkubwa uliojazwa mifuko midogo, iliyooshwa na kukunjwa. Serikali ilisema ingeanza na watengenezaji na wauzaji, lakini hofu haisomi masharti madogo. Hatua chache kutoka hapo, upande wa Uganda, mfuko ule ule uliitwa kaveera na ulifungiwa nyanya bila wasiwasi. Mara ukawa bidhaa ya magendo, ukivushwa kwa njia zile zile za panya zilizovusha sabuni ya kukhu, ila safari hii kutoka magharibi kwenda mashariki.

Mwanahistoria anayetaka kuandika kuhusu chai au reli atapata daftari za kampuni na barua za magavana. Anayetaka kuandika jinsi kaya za Busia zilivyoishi kati ya 1972 na 1987 hana daftari. Magendo hayaandiki risiti. Waliovusha hawakuandika, waliopokea hongo hawakuandika, na takwimu za forodha zinaeleza yale tu yaliyopita mchana. Kilichobaki ni vitu: sabuni iliyowekwa kwa sababu duka lingeweza kuwa tupu kesho, chumvi iliyofichwa kutoka kwa mgeni, gunia lenye chapa ya kiwanda kilichokufa. Gunia lililochomwa nyuma ya jikoni lilikuwa na maandishi. Senge anakumbuka rangi yake, bluu, lakini yeye hakusoma, na waliosoma ndio walioshika kiberiti.

Vinavyonusurika moto huenda kwenye mizani. Wanunuzi wa vyuma kuukuu hupita Amagoro na Adungosi wakiita watu watoe sufuria mbovu na mabati. Januari 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha biashara hiyo kwa sababu ya wizi wa nyaya na vyuma vya umma, ikairuhusu tena mwezi Mei. Kwa miezi hiyo michache hata sufuria iliyotoboka ikawa kitu cha kuuzwa kwa kunong'ona. Binamu yangu alikuwa na baiskeli nzito, nyeusi, ambayo babake alivushia watu miaka ya Chepkube. Alingoja marufuku yaondolewe, akaiuza kwa kilo. Mnunuzi aliing'oa kiti cha nyuma, kile chenye mto mwekundu wa abiria, akamrudishia kwa kuwa sifongo haipimwi. Kiko stoo, juu ya mitungi.