Umebadilisha injini ya gari? Usipige resi kabla hujasoma hii

Fundi ameshafunga injini ya mtumba, wayaringi tayari, betri imejaa. Gereji nzima inasubiri kusikia mlio. Sasa subiri kwanza.

Injini iliyokaa muda mrefu bila kuwashwa, oili yake huwa imeshuka yote chini. Ukiwasha na kupiga resi hapohapo, vyuma vinasagana vikavu. Injini inaweza kunoki siku hiyohiyo, na hela yako imekwenda.

Tuchukue mfano wa 1NZ-FE, injini ya cc 1,500 iliyopo kwenye Toyota Probox na IST nyingi.

1. Kabla ya kuwasha

Weka filta mpya na oili mpya. 1NZ-FE inachukua takribani lita 3.7 pamoja na filta, lakini hakikisha kwa kijiti cha kupimia. Jaza kulanti. Kagua mipira ya mafuta isivute wala kuvuja, na waya mnene wa negativu uwe umefungwa vizuri kwenye injini.

Gari iwe nje, maana moshi wa ekzosi ni sumu. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu.

2. Zungusha bila kuwasha

Chomoa soketi za koili zote 4 na za nozeli zote 4. Piga stata sekunde zisizozidi 10, pumzika nusu dakika, rudia. Lengo ni pampu isambaze oili mpaka taa ya oili izime.

Umerudia mara kadhaa na taa bado inawaka? Usiwashe. Tatizo linaweza kuwa waya tu, au pampu haisukumi. Lijulikane kwanza.

3. Washa, mguu mbali na pedali

Rudisha soketi, weka gia kwenye P, vuta hendibreki, washa. Taa ya oili izime ndani ya sekunde chache. Isipozima, zima gari.

Injini ya baridi kuanza na mzunguko wa juu kidogo, hata 1,300 au zaidi, ni kawaida. Itashuka yenyewe ikipata moto.

Washa hita, weka kwenye joto la mwisho ili hewa itoke kwenye njia za maji. Angalia geji ya joto na usubiri feni izunguke. Gari ikianza kuchemsha, zima. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe mpaka injini ipoe kabisa, kisha uongeze kulanti.

4. Sasa panga sailensa

Sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, hupimwa injini ikiwa ya moto, AC na taa zikiwa zimezimwa. Kwa 1NZ-FE iwe kati ya 600 na 700 hivi.

• Iko juu: tafuta mpira wa hewa uliochomoka au gasketi inayovuta hewa. Sikiliza mlio wa "sssss".
• Iko chini au gari inazima: safisha throto, mara nyingi ina masizi.
• Inatetemeka: kagua plagi, koili, nozeli na soketi ulizorudisha.

Fundi akitaka kuzungusha skrubu ya throto, mzuie. Hiyo hupangwa kiwandani. Kwenye injini hizi, sailensa inaongozwa na kontroboksi. Ukigusa skrubu unaficha tatizo, hulitibu.

Ukimaliza, chomoa negativu ya betri kwa dakika chache, rudisha, kisha acha injini ingurume dakika 10 bila AC na nyingine 10 ikiwa na AC. Kontroboksi itajifunza upya.

5. Usiondoke bado

Zima, acha ipoe, pima tena oili na kulanti, chungulia chini kama kuna matone. Safari ya kwanza iwe ya mtaani, siyo ya mkoani.