Mwenye Nyumba ya Wageni: Kumbukumbu ya Bibi Lucille Hamons na Kituo Chake cha Mafuta

Katika mfano wa Msamaria Mwema, Mwinjili Luka anamtaja mtu mmoja ambaye wahubiri humpita haraka. Kuhani alipita, Mlawi akapita, na Msamaria mwenyewe, baada ya kutenda mema, aliendelea na safari yake siku ya pili. Aliyebaki na majeruhi ni mwenye nyumba ya wageni. Kazi yake ilikuwa kukaa kando ya njia na kumpokea kila aliyefikishwa mlangoni pake. Usharika unapotimiza miaka mia moja wafaa kujitazama katika mtu huyo, kwa kuwa nao uliwekwa njiani ili ukae. Karne ya 20 ilimwona mtu aliyeishi kazi hiyo kwa karibu miaka sitini. Hakuwa mchungaji wala mmisionari, bali mwuza mafuta ya magari katika jimbo la Oklahoma, nchini Marekani.

Barabara ya Route 66 ilianzishwa rasmi mwezi Novemba 1926, ikaunganisha mji wa Chicago na California, mwendo wa kilomita zipatazo 3,900. Katika miaka ya 1930 ukame na tufani za vumbi viliangamiza mashamba ya nyanda za kati, huku mdororo wa uchumi ukiwanyima watu kazi. Familia nyingi zilipakia magodoro na vyombo juu ya magari makuukuu, zikaelekea magharibi kutafuta riziki. Mwandishi John Steinbeck, katika riwaya yake ya mwaka 1939, ndiye aliyeipa njia hiyo jina la Barabara Mama.

Kando ya barabara hiyo, karibu na mji mdogo wa Hydro, kilijengwa mwaka 1929 kituo cha mafuta chenye ghorofa moja. Chini palikuwa mahali pa biashara, na juu makazi ya mwenye kituo. Sehemu ya ghorofa ilitokeza mbele juu ya nguzo, hata gari lililosimama penye pampu likapata kivuli. Mwaka 1941 Carl Hamons na mkewe Lucille walikinunua pamoja na vyumba vichache vya kulala wageni. Kazi ya kila siku iliangukia zaidi mikononi mwa mama huyo, aliyelea watoto wake watatu hapo hapo.

Wengi waliosimama kituoni hawakuwa na fedha. Bibi Lucille aliwapa chakula na mafuta, na aliyekuwa na kifaa chenye thamani alikiacha kuwa badala. Gari lilipoharibika kabisa, alilinunua, ili wenyewe wapate nauli ya basi na kuendelea na safari. Tendo hilo lina hekima ya kipekee. Mwenye shida hakuondoka akiwa ombaomba. Aliondoka kama mtu aliyeuza mali yake. Msaada ulimfikia na heshima yake ikabaki. Ndiyo maana wasafiri walimwita Mama wa Barabara Mama.

Jaribu kubwa lilikuja baada ya mwaka 1956, serikali ya Marekani ilipopitisha sheria ya kujenga mtandao wa barabara kuu mpya. Mojawapo, Interstate 40, ilipita jirani kabisa na kituo, lakini magari yalikwenda kwa kasi bila njia ya kuingia moja kwa moja. Wateja waliokuwa wakisimama sasa walionekana kwa mbali tu, wakipita. Biashara nyingi za kando ya barabara ya zamani zilifungwa, na mwaka 1985 Route 66 yenyewe ilifutwa rasmi katika orodha ya barabara kuu za taifa.

Bibi Lucille alibaki. Ili kujikimu aliuza pia bia, na wanafunzi wa chuo cha mji jirani wa Weatherford wakawa wateja wake. Historia ya kweli haifichi jambo hilo. Kanisa linalofundisha kwamba mwamini ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja halina haja ya kumsafisha mtu kwanza ndipo limheshimu.

Mwaka 1997 kituo hicho kiliingizwa katika orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria. Tarehe 18 Agosti 2000 Bibi Lucille alifariki dunia, miaka 59 tangu alipoanza kazi hiyo. Jengo lingali limesimama, ingawa haliuzi mafuta tena.

Martin Luther alifundisha kwamba kazi halali ya kila siku, iwe ya mshona viatu au ya mama wa nyumbani, ni wito wa kumtumikia jirani. Katika miaka mia moja, njia za watu hubadilika: lami huhamisha masoko, na vijana huelekea mijini. Vitabu vya usharika huhifadhi majina ya wachungaji na tarehe za kuweka mawe ya msingi. Ni vigumu zaidi kuandika habari za mama aliyebandika sufuria kwa ajili ya mgeni asiyemjua, au za mzee aliyefungua mlango usiku wa manane. Hata hivyo, usharika hudumu kwa watu wa namna hiyo.

Msamaria aliahidi kwamba atakaporudi atalipa gharama yote iliyozidi. Mwenye nyumba ya wageni aliachiwa dinari mbili, majeruhi mmoja na neno hilo. Kazi ya karne inayoanza ni hiyo hiyo: kuliamini neno hilo, na kuuacha mlango wazi.