Kijiji cha Marika

Kwa Wanyakyusa wa Rungwe, nchi ya Ibighi na Tukuyu, mtoto wa kiume aliondoka kwa wazazi akiwa na miaka kumi au kumi na mmoja. Hakutoroka. Yeye na wenzake wa rika moja walijenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha baba zao, wakalala huko.

Mashamba waliyolima yalikuwa bado ya baba, na chakula kilitoka kwa mama. Ila hawakula kila mmoja kwao: kundi zima lilipita leo kwa mama huyu, kesho kwa yule. Walipooa, vibanda vikawa kijiji kamili.

Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia waliofanya utafiti huko kati ya 1934 na 1938, waliona kwamba kuzungumza, kula na kunywa pamoja na wa rika lako ndiko kulikohesabiwa kuwa maisha yenyewe. Monica alikipa kitabu chake cha 1951 jina linalotokana na ushirika huo. Mchoyo aliyechinja akala peke yake aliogopa "pumzi ya watu": manung'uniko ya majirani yaliaminika kumletea homa ya baridi.

Sifa hizi zisitudanganye. Wazee walishikilia ng'ombe, na bila ng'ombe hakuna mahari. Vijana wengi walichelewa kuoa.

Ndipo machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya, yalipowavuta. Kijana aliyerudi na mshahara mfukoni aliweza kununua ng'ombe wake mwenyewe. Kahawa nayo ikaifanya ardhi kuwa mali ya kung'ang'aniwa, na nafasi ya kuanzisha vijiji vipya ikapungua.