Mabango ya Umma ya Marekani Yaliyonusurika Jalalani

Mwaka 1935, Marekani ikiwa bado imo katika mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka 1929, serikali ya Rais Franklin Roosevelt iliunda shirika la kuwapatia kazi watu wasio na ajira, lililojulikana kwa kifupi kama WPA. Wengi walijenga barabara, madaraja na shule. Wachoraji nao waliajiriwa, na miongoni mwa kazi walizopewa ilikuwa kutengeneza mabango ya kuuelimisha umma.

Wapo waliohoji kwa nini fedha za walipa kodi ziwaendee wasanii. Harry Hopkins, aliyeliongoza shirika hilo, alishikilia kwamba msanii naye hana budi kula kama watu wengine. Mjini New York, msanii alilipwa takriban dola 24 kwa wiki.

Mabango hayo yaliwahimiza wananchi wapimwe kifua kikuu, wasome vitabu, wahudhurie michezo ya kuigiza na watembelee hifadhi za taifa. Mengine yalizungumzia waziwazi kaswende, ugonjwa ambao wakati huo wengi waliona haya hata kuutaja.

Mwanzoni yalichorwa kwa mkono, moja baada ya jingine. Ndipo mchoraji Anthony Velonis alipoleta mbinu ya kuchapa kwa hariri, ambayo hadi hapo ilitumiwa zaidi kwa matangazo ya biashara. Kitambaa cha hariri huwambwa kwenye fremu ya mbao, sehemu zisizotakiwa kupitisha rangi huzibwa, kisha rangi husukumwa kwa kibao chenye mpira hadi ipenye na kufika kwenye karatasi. Kila rangi huhitaji fremu yake.

Kwa kuwa kila rangi iliongeza kazi na gharama, wachoraji walijifunza kubana matumizi: rangi chache zilizokolea, umbo moja kubwa, maneno machache. Uzuri wa mabango hayo ulitokana na uhaba huo. Mpita njia mwenye haraka, hata yule asiyejua kusoma vizuri, aliupata ujumbe kwa kutupa jicho mara moja.

Inakadiriwa kuwa hadi WPA ilipofungwa mwaka 1943, michoro 35,000 ilikuwa imebuniwa na nakala milioni 2 kuchapwa. Zinazojulikana kusalia ni kiasi cha 2,000 tu, yaani nakala moja katika kila elfu. Sababu ni nyepesi: bango la umma hubandikwa ili litumike, na wakati wake ukipita hubanduliwa na kutupwa. Maktaba ya Bunge la Marekani inahifadhi zaidi ya mabango 900, na imeyaweka kwenye intaneti ili kila mtu ayaone.

Mengine yaliokolewa na mtu mmoja mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mlinzi mmoja wa hifadhi ya Grand Teton, jimboni Wyoming, alikuwa akisafisha banda alipokuta bango la hifadhi hiyo likiwa njiani kwenda jalalani. Alilitunza, kisha akaanza kuyasaka mabango ya hifadhi nyingine yaliyotengenezwa kati ya mwaka 1938 na 1941. Picha za rangi nyeusi na nyeupe zilizosalia katika nyaraka za serikali ndizo zilizowezesha mengi yake kuchapwa upya.

Hivi leo nakala halisi huuzwa mnadani kwa maelfu ya dola, na hapo huzuka swali la mwenye mali. Msimamo wa serikali ya Marekani ni kwamba, kwa jumla, kazi za sanaa za WPA zinazohamishika bado ni mali ya umma, hata zikikutwa nyumbani kwa mtu. Hoja hiyo ina uzito, maana umma ndio uliozilipia. Hata hivyo, ofisi za umma ndizo zilizotupa nyingi kati yake, na lau si waokotaji, kusingekuwa na mali ya kugombania. Serikali ilikumbuka kumlipa mchoraji, ikasahau kumlipa mtunzaji.