Fungate na Safari Yake

Neno fungate ni kongwe kuliko mengi ambayo leo huitwa kwa jina hilo. Kabla ya saba, neno la Kiarabu, kuenea katika hesabu ya Waswahili, fungate ilikuwa ndiyo saba yenyewe. Na ndugu wa karibu wa Waswahili, Wagiriama na Wamijikenda wenzao, hata sasa huhesabu saba kwa kusema fungahe. Hesabu hiyo ilikufa sokoni ikabaki arusini. Siku saba za kwanza za ndoa ziliendelea kuitwa kwa jina la kale, kama mtu mzima aitwavyo na mama yake kwa jina la utotoni wakati ulimwengu wote umekwisha kulisahau.

Fungate ya pwani ilikuwa kukaa, haikuwa kwenda. Bwana arusi aliingia nyumbani kwa kina bibi arusi akatulia ndani. Chakula kililetwa, maji yaliletwa, na kazi za dunia zilisubiri nje ya mlango. Somo alikuwa karibu ili kuongoza na kusitiri. Hapakuwa na merikebu ya kupanda wala mji mgeni wa kutazama. Watu wawili, ambao mara nyingi walijuana kwa sifa tu, walipewa siku saba za kujuana kwa sura, kwa sauti na kwa tabia. Sheria ya Kiislamu nayo ilitia nguvu hesabu hiyo, kwa kuwa bikira aolewaye na mtu mwenye mke mwingine amewekewa haki ya siku saba za kukaa na mumewe kabla zamu haijaanza. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye kitabu chake Desturi za Wasuaheli kilichapishwa mwaka 1903, ni mmoja wa waliohifadhi kwa kalamu habari za arusi za pwani kama zilivyokuwa katika zama zake.

Leo neno fungate limebeba mzigo wa pili. Watu wakisema kwamba maarusi wamekwenda fungate, maana yake wamesafiri: wamepanda ndege au chombo, wamepanga chumba katika hoteli, wamekwenda mahali ambapo hawajulikani. Kukaa kumegeuka kwenda. Mambo mawili yasiyokuwa na asili moja yamefungwa kwa kamba moja, na kwa sababu hiyo huonekana kama aibu maarusi wasiposafiri mara baada ya karamu. Wengine hukopa ili wasafiri. Swali linalostahili kuulizwa na mwanafunzi wa historia ni hili: je, safari ikiahirishwa, ndoa imepungukiwa na kitu gani? Jibu limo katika maisha ya watu waliofanya hivyo zamani, wengine kwa kupenda na wengine kwa kulazimika.

Kwanza, hata huko Ulaya ambako desturi hiyo ya safari ilitoka, safari si asili ya jambo. Waingereza huita wakati huo mwezi wa asali, na jina hilo limo katika kamusi ya Richard Huloet ya mwaka 1552. Maana yake ya kwanza ilikuwa na kejeli: mapenzi mapya ni matamu kama asali, lakini mwezi ukishakuwa mpevu hauna njia ila kupungua. Samuel Johnson, katika kamusi yake kuu ya mwaka 1755, aliueleza kuwa ni mwezi wa kwanza wa ndoa, mwezi wa upole na furaha. Hakutaja safari. Safari ilikuja kutia nanga katika karne ya 19, wakati magari ya moshi na merikebu za moshi zilipofanya njia kuwa fupi. Nayo mwanzoni mara nyingi ilikuwa ziara ya kuwazuru jamaa ambao hawakuweza kufika arusini, na haikuwa ajabu maarusi kufuatana na ndugu au rafiki. Mambo ya faragha katika mji wa mbali yalifuata baadaye.

Katika miaka ile ile ya mwanzo wako watu mashuhuri waliooa bila safari. Charles Darwin, ambaye alikuwa amekwisha kuizunguka dunia kwa miaka 5, alimwoa Emma Wedgwood tarehe 29 Januari 1839 huko Maer, na siku hiyo hiyo wakapanda gari la moshi kwenda London, katika nyumba waliyokuwa wameipanga. Mwaka uliofuata, tarehe 10 Februari 1840, Malkia Victoria aliolewa na Albert. Bwana arusi alitamani wakae Windsor kwa muda mrefu zaidi. Malkia alimkumbusha kwamba yeye ni mtawala, kwamba Bunge linakutana, na kwamba shughuli za nchi hazingojei. Zikatolewa siku chache tu. Ndoa yao ilidumu miaka 21, mpaka kifo cha Albert mwaka 1861, ikawa mfano wa ndoa ya mapenzi katika karne nzima. Ufupi wa siku za Windsor haukuipunguza kitu.

Walakini kufupisha si kuahirisha. Kwa habari za kuahirisha hasa, hakuna mfano ulio wazi kuliko ule wa jamaa moja ya Marekani iliyofanya jambo hilo mara mbili katika muda wa miaka 25.

Theodore Roosevelt alimwoa Alice Hathaway Lee tarehe 27 Oktoba 1880 huko Brookline, Massachusetts. Ilikuwa siku ambayo bwana arusi alitimiza miaka 22. Bibi arusi alikuwa na miaka 19. Theodore alikuwa amemaliza masomo yake Harvard mwaka huo na kuanza kusoma sheria katika chuo cha Columbia, mjini New York. Basi maarusi walikwenda katika nyumba ya jamaa huko Oyster Bay, Long Island, wakakaa kiasi cha majuma mawili peke yao. Kisha wakarudi mjini kukaa kwa mama yake Theodore, na mume akaendelea na masomo. Safari kubwa iliwekwa kiporo mpaka Mei 1881. Walipoondoka, walikuwa wamekwisha kuishi pamoja zaidi ya nusu mwaka. Walipita Ireland, Uingereza, Ufaransa, Italia na Uswisi. Alice aliteswa sana na mawimbi ya bahari, na mume aliyemuuguza njiani hakuwa tena mgeni kwake. Mwezi wa Agosti Theodore alipanda mlima Matterhorn, wenye kimo cha mita 4,478. Jambo hilo lisingewezekana kama wangefika Uswisi katika theluji za Novemba. Tena katika safari hiyo alichukua maandiko ya kitabu chake cha kwanza, juu ya vita vya majini vya mwaka 1812, ambacho kilitoka mwaka 1882.

Miaka 25 ilipopita, zamu ilikuwa ya jamaa zake. Tarehe 17 Machi 1905 Franklin Roosevelt, mwenye miaka 23, alimwoa Eleanor, mwenye miaka 20, katika nyumba ya jamaa mjini New York. Baba yake Eleanor alikuwa amefariki mwaka 1894, kwa hiyo aliyemwoza ni baba yake mkubwa, yaani Theodore yule yule, ambaye sasa alikuwa Rais wa nchi. Siku ya arusi ilifuata nafasi ya Rais. Siku ya safari ilifuata nafasi ya chuo. Franklin naye alikuwa akisoma sheria Columbia. Maarusi walikaa juma moja katika nyumba ya jamaa huko Hyde Park, kisha wakapanga vyumba katika hoteli mjini, na bwana arusi akarudi darasani. Mwezi wa Juni, masomo ya mwaka yalipokwisha, walipanda meli Oceanic wakaenda Ulaya kwa muda wa zaidi ya miezi mitatu.

Safari hiyo haikuwa asali tupu. Wakiwa Ulaya Franklin alipata habari kwamba ameanguka katika mitihani miwili, ikambidi adurusu akiwa matembezini ili airudie baada ya kurejea. Huko Cortina alipanda mlima pamoja na mwanamke mwenye duka la kofia la New York, wakati Eleanor, ambaye hakuwa mpandaji, alibaki chini na wivu ambao hakuusema siku ile. Aliukiri miaka mingi baadaye alipoandika habari za maisha yake. Lakini yafaa kupima mizani yote miwili. Kama wangeondoka Machi, lililopotea lisingekuwa mitihani miwili, lingekuwa mwaka mzima. Franklin alirudia mitihani hiyo akafaulu.

Katika mifano hii faida za kuahirisha huonekana bila kutafutwa kwa taa. Ya kwanza ni faida ya wakati. Arusi ina majira yake na safari ina majira yake, na ni nadra majira hayo kukutana. Aliyelazimisha yakutane hufika penye barafu alipotaka jua, au huacha kazi nusu ili arudi aikute imeharibika. Ya pili ni faida ya raha. Arusi huchosha mwili, na safari pia huchosha. Anayeunganisha machovu mawili akayaita mapumziko amejidanganya. Ya tatu ni faida ya kujuana. Ugeni wa nchi na ugeni wa mwenzi ni mizigo miwili, na mtu mwenye busara huutua mmoja kabla ya kuubeba wa pili. Alice baharini na Eleanor milimani walijaribiwa wakiwa wake waliokwisha kuzoea nyumba, si maarusi wa jana.

Ya nne ni faida ya mali, na hapa mifano ya akina Roosevelt hufundisha kwa njia ya kinyume. Watu hao hawakukosa fedha. Waliahirisha wakiwa na uwezo wa kwenda. Basi ikiwa tajiri aliona kheri kungoja, hakuna aibu kwa mtu ambaye mahari, mavazi na karamu vimekwisha kumtoa jasho. Deni la safari ni mgeni mbaya: huingia nyumbani pamoja na maarusi, hukaa mezani kabla ya mtoto wa kwanza, na hata wenye nyumba wakinyamaza yeye husema. Safari iliyolipiwa kwa akiba ya mwaka mzima hufurahiwa mara mbili, wakati wa kuingojea na wakati wa kuiona.

Haifai, hata hivyo, kuahirisha kusifiwe kama dawa. John Ruskin alimwoa Effie Gray tarehe 10 Aprili 1848 huko Perth, Uskoti. Walikusudia kwenda bara la Ulaya, lakini mapinduzi ya mwaka ule yaliwafungia njia, wakatembea Uskoti kwanza na kwenda Ufaransa miezi michache baadaye. Muda haukuwaunganisha. Ndoa hiyo ilibatilishwa mwaka 1854 kwa sababu haikutimizwa kamwe. Kungoja huipa mbegu nafasi. Hakugeuzi jiwe kuwa mbegu.

Tena kuna hatari iliyo kubwa kuliko hiyo, nayo imo katika mfano ule ule wa kwanza. Tarehe 12 Februari 1884 Alice alijifungua mtoto wa kike, na siku mbili baadaye, tarehe 14, akafariki katika nyumba ile ile na siku ile ile aliyokufa mama yake Theodore. Alikuwa na miaka 22. Mumewe alichora alama kubwa ya msalaba katika daftari lake la kila siku, na maneno aliyoandika chini yake yalikuwa machache. Kutoka arusi mpaka kifo ilipita miaka mitatu na miezi mitatu na kitu. Baada ya kurudi Ulaya Theodore alikuwa ameingia katika Baraza la Kutunga Sheria la New York, na kazi hiyo ilimweka Albany siku nyingi, mbali na nyumba. Kama safari ingeahirishwa tena mpaka nafasi nzuri zaidi ipatikane, nafasi hiyo isingalikuja. Wahenga walisema kawia ufike. Lakini wahenga wale wale walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali hizi hazigombani. Ya kwanza humwambia mtu asiende kabla ya wakati, na ya pili humwambia wakati usiokuwa na tarehe si wakati. Akina Roosevelt walifaidiwa kwa sababu walijua mwezi watakaoondoka, na mwezi ulipofika waliondoka.

Kuna jambo moja zaidi lililo sawa katika ndoa zote mbili za Marekani, nalo ni rahisi kupitwa na macho. Hakuna aliyeahirisha yote. Theodore na Alice walipata majuma mawili ya Oyster Bay. Franklin na Eleanor walipata juma moja la Hyde Park. Siku za utulivu zilitangulia, zikifuata arusi bila kukawia, na safari ndiyo iliyongoja. Hata mwaka 2011, William, mjukuu wa Malkia Elizabeth, alipomwoa Catherine tarehe 29 Aprili, alirudi kwanza katika kazi yake ya urubani wa uokozi, na safari yao ya Shelisheli ikafuata katika mwezi wa Mei. Watu hao hawakuwa na neno la kutenga sehemu hizo mbili.

Waswahili wanalo. Fungate ni siku saba, na siku saba hizo ni haki ya ndoa, ya tajiri na ya maskini, maana hazihitaji nauli. Safari ni zawadi, na zawadi yaweza kutolewa mwezi ujao au mwaka ujao. Maarusi waliofunga mlango wao juma moja, wakala walicholetewa na kuzungumza bila haraka, wamekwisha kufanya fungate kamili kwa mujibu wa hesabu ya kale. Wakipenda kuona dunia baadaye, dunia haihami. Ila waweke tarehe.