Marashi ya Ndimu Kutoka Mji wa Köln

Kabla hatujaanza kusoma, fanya jambo moja. Chukua ganda bichi la chungwa, ulikunje karibu na mwali wa mshumaa. Utaona cheche ndogo zikiruka, na mara utasikia harufu nzuri. Cheche hizo ni mafuta yaliyomo gandani. Somo letu la leo ni habari za mafuta hayo.

Zamani matajiri wa Ulaya walipenda manukato mazito, kama miski na ambari. Wewe uliyezoea udi waijua tabia ya harufu nzito: mwenyewe ameondoka, harufu yake imebaki chumbani.

Mwaka 1685 alizaliwa Italia ya kaskazini mtu jina lake Giovanni Maria Farina. Huyu alitaka kitu kingine. Mwaka 1708 alimwandikia ndugu yake barua, akamwambia amepata harufu inayomkumbusha asubuhi ya Italia baada ya mvua, maua ya mchungwa yanapochanua. Mwaka 1709 ndugu yake alifungua duka mjini Köln, Ujerumani, na mwaka 1714 Farina akajiunga naye. Marashi yake akayaita kwa Kifaransa, maana yake Maji ya Köln, kwa heshima ya mji uliompokea.

Ndani yake mna nini? Kubwa ni mafuta ya bergamoto, tunda la ukoo wa ndimu na machungwa, ambalo hustawi sana Calabria, kusini mwa Italia. Watu hawalitaki kwa kula, kwa kuwa ni chachu na chungu. Walitakalo ni ganda. Huongezwa malimau, machungwa na maua ya mchungwa. Mafuta hayachanganyiki na maji, lakini spiriti huyayeyusha. Ukijipaka, spiriti hukauka upesi, nawe waona baridi. Harufu ya ndimu nayo huruka upesi. Wengine huona hiyo ni ila. Mimi naona ndiyo sifa yake: hufurahisha, kisha huaga, wala haimchoshi mtu aliyekaa karibu nawe.

Kazi iliyomshinda kila mtu ila Farina ilikuwa kupata harufu ile ile kila mwaka. Mavuno hayafanani, mwaka wa mvua nyingi si sawa na mwaka wa jua kali. Yeye alichanganya mafuta ya namna mbalimbali mpaka pua yake iridhike.

Watu wengi waliyatumia kama dawa, hata wakayanywa! Napoleon, mtawala wa Ufaransa, aliyapenda mno. Lakini mwaka 1810 ilitoka amri yake kwamba siri za dawa zifunuliwe kwa serikali. Watengenezaji hawakutaka kutoa siri yao, basi wakasema: hii si dawa, ni marashi tu.

Farina alifariki mwaka 1766. Siku hizo hapakuwa na sheria ya kulinda jina la bidhaa, na wengi wakaiga. Mwaka 1803 Wilhelm Mülhens wa Köln alinunua ruhusa ya kutumia jina la Farina. Alimlipa nani? Mtu mwingine aitwaye Farina, asiye na uhusiano wowote na nyumba ile ya kwanza! Kesi zikafuata, miaka kwa miaka. Mwisho, mwaka 1881, mjukuu wa Mülhens alilazimika kuliacha jina hilo. Akatumia namba ya nyumba yao: 4711.

Majina yote mawili yangalipo. Ukifika Köln utaiona nyumba ya Farina, yenye makumbusho yake, na duka la 4711 katika mtaa wa Glockengasse. Ukiwa na nafasi, nusa chupa zote mbili, uamue mwenyewe.